Gazeti Lisilo na Muhuri wa Askofu

Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea kidogo kidogo chini ya milima yetu, na mwishoni mwa mwaka 1911 ikafika Moshi. Wazee wetu waliikumbuka reli hiyo kwa habari za mashamba ya katani na za watu waliochukuliwa kufanya kazi wasiyoipenda. Sisi tunaitaja hapa kwa sababu nyingine: ilileta karatasi. Kabla ya reli, barua na vitabu vilibebwa kichwani na wapagazi tangu pwani. Baada yake, mfuko wa posta uliweza kushushwa kwenye vituo vya tambarareni, na kazi iliyobaki ikawa ni kuupandisha kwa miguu hadi Vudee, Mbaga, Gonja, Usangi au Ugweno. Mtu aliyewahi kupanda kutoka Same kwenda Mbaga akiwa na mzigo anajua kwamba hata hiyo kazi iliyobaki haikuwa ndogo.

Katika kitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya sala, ndoa, ubatizo na kifo. Sisi tumechagua habari ambayo haisimuliwi sana kanisani, nayo ni ya magazeti na majarida ya waumini. Tunazungumzia hasa yale ambayo hayakuwa sauti ya uongozi wa kanisa, ingawa yaliandikwa na watu wa kanisa na kusomwa na watu wa kanisa. Jambo hili linatugusa. Katika sharika nyingi za milimani maandishi pekee yanayotolewa na usharika ni karatasi ya matangazo ya Jumapili: ndoa zinazotangazwa mara ya pili, mavuno, michango, zamu ya kufagia. Mshariki mwenye swali zito juu ya imani yake, au mwenye neno la kuwaambia viongozi wake, hana mahali pa kuliandika. Atalisema njiani akirudi nyumbani, au atanyamaza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1888 misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA ilianza kuchapa gazeti huko Kiungani, Unguja, lililoitwa Msimulizi. Watu hulitaja kama gazeti la kwanza la Kiswahili huko visiwani. Kilicho muhimu kwetu ni nani waliokuwa wakiliandika. Walikuwa wanafunzi wa chuo cha Kiungani pamoja na walimu Waafrika waliotumwa vituoni, Magila kwa upande wa Bonde na kule kusini Masasi na Newala. Mwalimu aliyekuwa peke yake kituoni aliandika habari za mahali pake: mvua, shule, safari, vifo, waliobatizwa. Wenzake waliosoma naye Kiungani wakazisoma wakiwa mamia ya maili mbali. Msimulizi liliishi hadi mwaka 1896, na katika miaka hiyo hiyo ya 1890 Magila nao wakawa na gazeti lao, Habari za Mwezi. Magila si mbali na kwetu. Ukisimama juu ya milima ya Upare ya kusini siku isiyo na ukungu, Usambara iko mbele ya macho yako.

Kisheria magazeti hayo yalikuwa mali ya misheni, na mzungu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa mwalimu wa kijijini, na tunaona huo ulikuwa mwanzo mzuri kuliko mengi yaliyofuata. Mwaka 1910, kwa mfano, Waprotestanti walipata gazeti lao la Dar es Salaam, Pwani na Bara, chini ya misheni ya Berlin. Sehemu kubwa ya shabaha yake ilikuwa kushindana: kushindana na Uislamu uliokuwa ukipanda kutoka pwani, na kushindana na Kiongozi, gazeti la shule ya serikali ya Tanga, ambalo wamisionari waliliona limekaa kipwani mno. Wakatoliki nao walikuwa na lao, Rafiki Yangu, kuanzia mwaka huo huo wa 1910. Vita ilipofika mwaka 1916, mitambo ilinyamaza yote.

Kwetu Upare palikuwa na swali la ziada, nalo ni la lugha. Mmisionari Msabato Ernst Kotz alikuja milimani mwaka 1905, miaka miwili tu baada ya wenzake kufungua kituo cha Friedenstal kule Mamba. Mwaka 1909 kitabu chake cha sarufi ya Chasu kilichapwa Berlin, na mwaka 1922 Agano Jipya la Chasu lilitoka. Kwa upande wetu wa Kilutheri, Jakob Dannholz wa Mbaga alikusanya habari nyingi za imani za Wasu, akazichapisha Leipzig mwaka 1916 kwa Kijerumani. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo ilionekana Wasu wangesoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Vitabu hivyo bado vinaheshimiwa, na bado tuna nyimbo zetu. Lakini mazungumzo ya nchi yalikwenda kwenye Kiswahili, na mtu wa Gonja aliyetaka asomwe na mtu wa Masasi hakuwa na njia nyingine. Hatuoni kwamba hapo tulipoteza. Tulichopoteza ni pale wazee walioweza kusema vizuri kwa Chasu tu walipoachwa nje ya maandishi.

Januari 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa sana na walimu wa shule za misheni nchi nzima. Lilikuwa na mashairi, mafundisho ya kilimo na barua za wasomaji. Lilikuwa zuri, na lilikuwa la serikali. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1937 ndipo Mwafrika akamiliki gazeti Tanganyika. Huyo alikuwa Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, na gazeti lake likaitwa Kwetu. Fiah alilitoa kwa shida hadi mwaka 1951. Aliandika juu ya mishahara, juu ya elimu, juu ya dharau, wala hakuwaonea haya wamisionari. Katika historia ya kanisa jina lake halitajwi, na tunaelewa kwa nini. Lakini Wakristo waliojifunza kusoma kwenye shule za misheni walikuwa kati ya watu walioweza kulisoma.

Na hapa lazima tutaje Mbiru. Mwaka 1944 baraza la wafalme wa Upare, kwa kuungwa mkono na serikali, lilitangaza kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, nayo ikaitwa mbiru. Watu walikataa namna ilivyowekwa na namna ilivyokadiriwa. Januari 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, na Paulo Mashambo wa Mamba akawa mmoja wa viongozi wao. Mwaka 1946 wanawake walikwenda Usangi kudai jibu, na mambo yakawa makali. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ameandika habari hiyo vizuri, na kila mshariki angepaswa kuisoma.

Sisi tunaitazama kwa upande mmoja tu. Watu wa Mbiru walikuwa wamesoma. Wengi walitoka katika shule za Walutheri na Wasabato. Walijua kuandika maombi kwa wakubwa wa serikali kwa maneno yaliyonyooka. Lakini palipohitajika chombo cha kuwafahamisha wenzao wa Usangi yaliyosemwa Same, na wenzao wa Mamba yaliyosemwa Usangi, ilibidi watu watembee. Kanisa lilikuwa na shule milimani, lilikuwa na walimu na wainjilisti kila bonde, na jirani zetu wa Usambara walikuwa na kiwanda cha chapa cha misheni kule Vuga. Hata hivyo hakuna ukurasa wa kanisa ambao mtu wa kawaida aliweza kuuliza juu yake kama kodi ile ilikuwa ya haki mbele za Mungu. Hatusemi wamisionari walikuwa na nia mbaya. Gazeti la misheni halikuundwa kwa kazi hiyo.

Gazeti lililoundwa kwa kazi hiyo lilikuja karibu miaka 20 baadaye, tena kutoka Nairobi. Mwaka 1964, chini ya mabaraza ya Kikristo ya Kenya na Tanzania, yalianzishwa magazeti mawili ya ndugu: Target kwa Kiingereza na Lengo kwa Kiswahili. Fedha zilipitia kwenye mabaraza ya makanisa, kwa hiyo hatuwezi kusema yalijitegemea kabisa. Lakini mhariri alikuwa na nafasi pana ya kuamua nini kichapwe, na mambo yalibadilika hasa alipokuja Henry Okullu, kasisi wa Kianglikana, Mjaluo wa Asembo, aliyekuwa amehariri gazeti la kanisa la New Day kule Uganda.

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka mgumu Kenya. Tarehe 5 Julai Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi. Baada ya hapo watu wa kabila la Wakikuyu walianza kusombwa kwa malori kwenda Gatundu kulishwa kiapo cha kuhakikisha utawala hautoki katika kabila hilo. Wakristo wengi walikataa, hasa watu wa uamsho, wale ambao na sisi huku tunawajua kwa wimbo wao na kwa kutubu hadharani. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa kiapo kingine. Walipigwa. Mzee mmoja wa kanisa la Presbiteri alikufa kwa kipigo hicho. Magazeti makubwa ya kila siku yalikuwa yakinong'ona. Target liliandika waziwazi kwamba jambo hilo linafanyika, na kwamba linaiua nchi. Viongozi wa makanisa nao wakaenda kwa Rais Kenyatta, na kabla mwaka haujaisha kiapo kikakoma.

Wako watakaosema kilichokomesha kiapo ni ule ujumbe wa viongozi na si gazeti. Inawezekana. Lakini ujumbe huwa na uzito mwingine pale jambo linapokuwa limekwisha kusomwa na watu. Tena angalia hatari aliyojiingiza mhariri. Mjaluo, miezi michache baada ya Mjaluo mwenzake kuuawa, anaandika juu ya siri ya kabila lenye dola. Kama baraza la makanisa lingetaka kusoma kila ukurasa kabla ya kuchapwa, tunatilia shaka kama ukurasa huo ungefika kwenye mtambo. Okullu baadaye alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, na mwaka 1974 askofu wa Maseno Kusini. Kanisa halikumtupa. Hilo nalo ni la kukumbuka, maana si kila kanisa linafanya hivyo.

Upande wetu wa mpaka hali ilikuwa nyingine. Serikali ilitaifisha The Standard mwaka 1970, na katika miaka ya chama kimoja magazeti yaliyobaki yalikuwa ya serikali au ya chama. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti lolote. Katika miaka hiyo machapisho ya makanisa yalikuwa karibu maandishi pekee ya mara kwa mara yasiyotoka serikalini. Wakatoliki walikuwa na Kiongozi, jina lile lile la gazeti la zamani la Tanga lakini gazeti jipya, lililoanza mwaka 1950. Sisi Walutheri tulikuwa na Uhuru na Amani. Makumira walianzisha jarida la kitheolojia, Africa Theological Journal, mwaka 1968, na Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikuwa na jarida la AFER tangu mwaka 1959, lililoanzia Katigondo, Uganda. Haya mawili ya mwisho yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yalibaki kwa wachungaji, na hata kwa wachungaji si wote. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Gazeti la Nairobi lilikuwa na njia nyembamba sana ya kufika Same katika miaka hiyo.

Basi tuna mifano yetu. Lakini mfano uliotufundisha zaidi juu ya jarida la waumini lisilo na muhuri wa uongozi hautoki kwetu, tena hautoki katika kanisa linalofanana na letu. Unatoka kwa Wamormoni wa Marekani, watu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wasomaji wasishangae. Tunatofautiana nao katika mafundisho makubwa, wala hatuyafichi hayo. Lakini habari hii inahusu watu weusi, kwa hiyo inatuhusu.

Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1830 na Joseph Smith. Katika siku zake walikuwapo wanaume weusi waliopewa ukuhani. Mmoja wao, Elijah Abel, aliupokea mwaka 1836. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemrithi Smith, alitangaza hadharani kwamba mtu mwenye asili ya Kiafrika hawezi kuwa kuhani. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 120, mwanamume mweusi hakuupata ukuhani ambao katika kanisa hilo hupewa karibu kila mwanamume na hata kijana, na mweusi, awe mwanamume au mwanamke, hakushiriki ibada za juu za hekaluni. Waumini walifundishwa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo na ndivyo Mungu alivyotaka.

Mwaka 1966 kikundi cha Wamormoni wasomi waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, California, wakiwamo Eugene England na Wesley Johnson, walianzisha jarida waliloliita Dialogue, yaani mazungumzo. Johnson alikuwa mwanahistoria wa Afrika, mtu aliyetafiti Senegal. Jarida lilikuwa lao wenyewe. Halikupokea zaka. Liliishi kwa ada za wasomaji na michango. Waandishi wake wengi walikuwa waumini wanaokwenda kanisani kila Jumapili, tena wanaofundisha shule ya Jumapili.

Katika toleo la majira ya kuchipua la mwaka 1973, Dialogue lilichapa makala ndefu ya daktari mmoja wa tiba, Lester Bush. Bush hakuwa mwanahistoria kwa kazi yake. Alikuwa muumini aliyekusanya hati kwa miaka. Alichofanya ni kufuatilia zuio lile kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, hati baada ya hati, akitafuta lilianzia wapi. Akaonyesha kwamba hakuna ushahidi wa kweli kuwa lilitoka kwa Joseph Smith. Lilianza na Brigham Young. Hakutukana mtu, wala hakumwomba kiongozi yeyote afanye chochote. Aliweka karatasi mezani.

Mwezi Juni 1978 Rais wa kanisa hilo, Spencer Kimball, alitangaza kwamba Mungu amefunua kuwa kila mwanamume anayestahili, wa rangi yoyote, anaweza kupewa ukuhani. Kwa waumini wake huo ni ufunuo, nasi hatuna kazi ya kubishana nao hapa. Lakini mwanawe aliyeandika maisha yake ameeleza kwamba baba yake alikuwa na nakala ya makala ya Bush, na kwamba nakala hiyo ilikuwa imepigwa mistari. Mtu anayepiga mistari anasoma. Na Desemba 2013 kanisa lenyewe lilitoa maelezo rasmi juu ya rangi na ukuhani, likakubali kwamba watu weusi waliwekwa wakfu wakati wa Smith na kwamba zuio lilitangazwa chini ya Young. Jambo lililochapwa bila muhuri mwaka 1973 likawa limepata muhuri miaka 40 baadaye.

Huku Afrika Magharibi, wakati huo wote, watu walikuwa wakingoja. Nchini Ghana Joseph William Billy Johnson alikuwa ameunda sharika kwa kusoma vitabu vya kanisa hilo tangu miaka ya 1960, bila mmisionari, bila ukuhani, bila kibali. Nchini Nigeria Anthony Obinna alifungua gazeti la Reader's Digest akaona picha ya hekalu la Salt Lake City, akaanza kuandika barua. Wote wawili walibatizwa kabla mwaka 1978 haujaisha. Kwa muda wote waliongoja walishikilia karatasi zilizochapwa, na kanisa lililozichapa lilikuwa halijawa tayari kuwapokea. Wazee wetu waliosoma Agano Jipya la Chasu kabla ya kuruhusiwa kushika meza ya Bwana wangeielewa hali hiyo mara moja.

Wanawake wa kanisa hilo nao wana habari yao. Kuanzia mwaka 1872 hadi 1914 walikuwa na gazeti lao kule Utah, Woman's Exponent, lililotetea haki ya wanawake kupiga kura. Kisha likafa na kusahauliwa, hata wajukuu wao hawakujua kwamba liliwahi kuwapo. Miaka ya 1970 wanawake kadhaa wa Boston walizikuta nakala zake katika maktaba ya Harvard, wakashangaa kusoma bibi zao walivyoandika kwa ujasiri, na mwaka 1974 wakaanzisha lao wakaliita Exponent II. Tunawaza hapa juu ya wanawake wa Usangi wa mwaka 1946. Wao hawakuacha gazeti. Tunawajua kwa kuwa mwanahistoria aliwatafuta wazee na faili za serikali.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Septemba 1993 watu sita wa kanisa hilo, waandishi na wanazuoni, waliadhibiwa, wengi wao kwa sababu ya waliyoyaandika au kuyasema hadharani. Watano walitengwa na mmoja akawekewa masharti. Neno kutengwa tunalijua huku milimani. Tunajua linavyofanya nyumba nzima ikae nyuma ya kanisa, au isije kabisa. Gazeti huru lina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu mwenye jina na watoto, si na gazeti. Ni kweli pia kwamba si kila kinachoandikwa bila muhuri ni kizuri. Magazeti ya namna hiyo huvutia wenye chuki, wenye kesi za zamani na mchungaji fulani, na wanaopenda kuonekana. Mhariri asiye na ujasiri wa kukataa makala ni hatari sawasawa na askofu asiye na ujasiri wa kuisoma.

Lakini kuna tofauti kati ya kanisa lenye magazeti ya namna hiyo na lisilo nayo, na tunadhani imeonekana. Katika habari ya kiapo cha Kenya na katika habari ya zuio la Wamormoni, jambo lilikuwa linajulikana na wengi na kusemwa na wachache. Katika zote mbili viongozi hatimaye walifanya lililo jema. Na katika zote mbili kulikuwa na ukurasa, uliochapwa na waumini wenyewe, ambao viongozi waliukuta umekwisha kuwapo. Kwenye Mbiru ukurasa huo haukuwapo.

Tumeulizana, sisi tulioandika haya, kwa nini magazeti ya namna hii kwetu hayakai. Msimulizi liliishi miaka minane. Kwetu la Fiah liliishi kumi na minne, tena kwa mtu mmoja kujinyima. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: karatasi na posta. Gazeti la zamani likifika dukani Mbaga lilikuwa na thamani ya pili ya kufungia sukari au tangawizi, na mara nyingi thamani hiyo ilikuwa kubwa kuliko bei yake. Sababu ya pili ni kwamba tumezoea gazeti la kanisa liletwe kutoka juu, kama kalenda, bila ada, na kitu kisicho na ada hakina mwenyewe. Dialogue limedumu tangu 1966 kwa sababu wasomaji wake wanalilipia.

Usharika mmoja wa mlimani hauwezi kuchapa jarida kila mwezi. Mara nne kwa mwaka inawezekana, kurasa nane, kwa mashine ya kutoa nakala iliyopo Same, kama washarika mia mbili watakubali kulipa bei ya soda moja kwa kila toleo. Barua za wasomaji zichukue nusu. Wazee wasioandika Kiswahili waseme kwa Chasu, na kijana aandike vile vile walivyosema. Mchungaji alisome toleo siku ile ile wanayolisoma washarika wengine.